Koti Mbili za Nyeupe

Mimi ndiye niliyeuchora ule mstari.
Kamati ya mtaa ilinipa kopo la rangi nyekundu,
brashi ya inchi mbili na elfu saba ya mkononi.
"Kondo, pita nyumba kwa nyumba. Uliza maji yalifika wapi.
Watakapoweka mkono, chora."

Nikapita, Tandale kwa Mtogole hadi ukingo wa Mto Ng'ombe,
watu wakaweka mikono:
huyu usawa wa kiuno, yule usawa wa kifua.
Bi Havijawa alipanda kigoda, akagusa juu ya kizingiti,
akasema, hapa. Kisha akasema, hapana, hapa.
Akashuka bila kunitazama.
Sikumuuliza alimpoteza nani. Nikachora.

Jumapili tukazibua mtaro.
Tukatoa magodoro, nepi, viatu visivyo na wenzao,
na jokofu zima ambalo kila mtu alikana kulijua.
Semeni alikuwa na daftari la kaunta:
nani ana kichanga, nani haoni vizuri, nani usingizi wake mzito.
Babu Mwinyimvua: abebwe na wawili, ana ubishi.
Filimbi tatu ndefu: toka, panda shuleni, usirudie sufuria.
Tulifanya mazoezi saa kumi jioni, watoto wanacheka,
Babu kabebwa kama bwana harusi, anatoa amri.

Januari akanifuata mwenye nyumba namba kumi na nne.
"Fundi, huo mstari unanifukuzia wapangaji.
Mtu anauliza kodi, anauona, anaaga."
Elfu ishirini.
Na wanangu walikuwa hawana sare.
Nikapiga msasa, nikapiga koti mbili za nyeupe,
ukuta ukasahau.
Saba kuchora, ishirini kufuta:
mimi sikupanga hiyo bei, lakini niliipokea.

Akahamia Sikitu, fundi cherehani.
Cherehani yake ya umeme aliilaza sakafuni,
vitambaa vya wateja mvunguni.
Angejuaje? Ukuta ulikuwa msafi.
Nilimsaidia hata kuingiza kitanda.

Masika. Usiku wa manane, filimbi. Moja. Mbili. Tatu.
Kwetu hata matone hayakuwa yameanza;
mto huu hutuletea mvua ya watu wengine.

Hatukuzika mtu. Niandike tena: hatukuzika mtu.
Babu alibebwa na wawili, akabishana nao hadi getini.
Kichanga kilipita juu ya vichwa, mkono kwa mkono, kimelala.
Semeni, tochi mdomoni, akatia vyema jina baada ya jina,
akafunga daftari, akasema, tumetimia.

Hatukuwa tumetimia.
Namba kumi na nne ilikuwa na mpangaji asiyeandikwa,
na aliyejua nilikuwa mimi.
Nikalitaja jina lake kwa sauti ambayo sikuijua kuwa yangu.
Vijana wakashuka na kamba.
Walimkuta maji kiunoni, amekumbatia gauni la harusi la mtu.

Kulipokucha mto ukarudi kwake,
na ukutani ulikuwa umeacha mstari wake,
wa tope, ulionyooka kuliko wangu,
juu ya koti zangu mbili za nyeupe,
vidole vitatu juu ya pale nilipofuta.

Sikitu alikuwa nje, cherehani juani,
anazungusha gurudumu, linakataa.
Nikamwambia yote. Na bei.
Alinyamaza kitambo, akachomoa uzi uliojaa mchanga.
"Chora," akasema. "Kisha nipeleke kwa huyo mwenye daftari."

Basi ndiyo unaniona na kopo.
Rangi nimekopa dukani; ile elfu ishirini imeshachakaa magotini mwa wanangu.
Ngazi yangu ina mguu mmoja mfupi.
Mwenye nyumba ametoka, amesimama, hasemi kitu.
Ameishika.